Kibao cha Mlangoni Si Leseni: Nani Anastahili Kuitwa Mshauri wa Nafsi?

(Haya ni maneno ya afisa wa polisi anayeshughulikia uhusiano na jamii, aliyoyasema mbele ya wananchi wa pande mbili za mpaka mjini Busia. Tunayachapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

 

Mmezoea kuniona nikija kuzungumza juu ya magendo, wizi wa ng'ombe na ugomvi wa mashamba. Leo nimekuja na jambo lisilo na gunia la sukari wala panga ndani yake, lakini nalo huvunja nyumba. Nataka tuzungumze juu ya watu wanaojiita washauri nasaha, wanasaikolojia au watabibu wa nafsi, yaani wale wanaotibu kwa mazungumzo na kutoza ada kwa kazi hiyo. Nani amewaruhusu? Nani anawasimamia? Na mwananchi akidhurika mikononi mwao, amlalamikie nani?

Huenda mmoja wenu anajiuliza: hayo yanawahusu nini polisi? Je, si kazi ya Wizara ya Afya? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba madhara ya ushauri mbaya hayaonekani siku yanapotendeka. Hujificha miezi mingi, kisha hujitokeza kituoni kwetu yakiwa yamekwisha kukomaa: kijana aliyefungwa kamba, mke aliyepigwa, mzee aliyepotea, mwili uliokutwa shambani. Sisi hupokea mwisho wa hadithi. Leo ningependa tuutazame mwanzo wake.

Kisa cha mama na mwanawe

Nitawasimulia kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha baadhi ya mambo ili wahusika wasitambulike.

Mama mmoja mjane alikuwa na mwana wa miaka kumi na tisa ambaye alianza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Alimpeleka kwenye kliniki ya afya ya akili, akapewa dawa, na kijana akatulia. Alirudi kazini kwenye mashine ya kusaga unga. Hata hivyo dawa zilimfanya asinzie na kunenepa, na mama alichoka na safari za kwenda kuzichukua. Ndipo alipoona kibao kipya kando ya barabara, kimeandikwa kwa rangi nzuri kwamba humo mna daktari wa saikolojia anayetibu msongo wa mawazo, ndoa zenye matatizo na magonjwa yote ya akili bila dawa.

Bwana yule alimpokea kwa upole. Alikuwa na suti, meza na vyeti viwili ukutani. Alimwambia mama kwamba ugonjwa wa mwanawe ulitokana na uchungu wa kufiwa na baba, na kwamba dawa za hospitali zilikuwa zikiuzika uchungu huo badala ya kuutoa. Kijana aziache, naye atamzungumzisha mara mbili kwa wiki. Mama aliuza mbuzi wawili kulipia mwezi wa kwanza, na kwa mwezi wa pili akakopa katika kikundi chake cha akiba.

Katika wiki ya saba kijana aliacha kulala. Katika wiki ya tisa alivunja mlango wa jirani akiamini kwamba ndani mlikuwa na watu wanaopanga kumwua, akamjeruhi mzee wa nyumba ile. Majirani walimfunga kamba wakamleta kwetu akiwa amepigwa vibaya. Laiti mwenyekiti wa kijiji hangefika mapema, tungepokea maiti.

Kijana alirudishwa hospitalini, akaanza dawa upya, na leo anaendelea vizuri. Nasi tulikwenda kumtafuta yule bwana. Ofisi ilikuwa tupu na kibao kimeng'olewa. Baada ya siku chache tukapata habari kwamba kibao kile kile, kwa rangi ile ile, kimesimamishwa mahali pengine, ng'ambo ya mpaka.

Kosa la jinai na kosa la kazi

Nawaomba mnisikilize kwa makini hapa, kwa maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe.

Tulipokaa kulichambua jalada, tulijiuliza: bwana huyu ametenda kosa gani? Sheria ya adhabu inalitambua kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Lakini ili kulithibitisha, ni lazima kuonyesha kwamba alisema uongo akijua ni uongo. Vyeti vyake vilikuwa vya kweli: vilithibitisha kwamba amehudhuria mafunzo ya muda mfupi. Hakughushi kitu. Mama alilipa kwa hiari yake na kupewa risiti. Kuhusu dawa, bwana angeweza kusema kwamba alitoa maoni tu, na mama ndiye aliyeamua. Mwanasheria yeyote angemtetea kwa maneno hayo na huenda angeshinda.

Je, hii ina maana kwamba hakutenda ubaya? Kila mmoja wenu anajua alitenda. Kumwachisha mgonjwa dawa bila kuwa daktari na bila kuwasiliana na daktari wake ni ubaya mkubwa. Lakini si kila ubaya ni jinai. Kati ya kazi njema na kosa la jinai kuna uwanja mpana, na humo ndimo watu wengi wanamoumizwa. Mshauri anayeitoa siri ya mteja wake sokoni, mshauri anayemtongoza mwanamke aliyekuja kwake akilia, mshauri anayemrudisha mteja kila wiki kwa mwaka mzima ilhali haoni nafuu yoyote: wote hawa wanadhuru, na mara nyingi polisi hawana kifungu cha kuwakamatia.

Uwanja huo hulindwa na chombo kingine, nacho ni baraza au bodi ya taaluma. Bodi ina daftari la majina. Ili jina liandikwe, mtu huonyesha amesoma wapi, amefanya mazoezi chini ya nani na kwa muda gani. Akishaandikwa, anafungwa na kanuni za maadili. Akizivunja, bodi haihitaji kuthibitisha kwamba ameiba. Inatosha kuthibitisha kwamba amefanya kazi isivyopasa, na inaweza kumwonya, kumsimamisha au kulifuta jina lake. Hivyo ndivyo tunavyowasimamia madaktari, wauguzi na mawakili. Polisi wakiwa ni ukuta wa mwisho wa nyumba, bodi ya taaluma ni mlango wake. Nyumba isiyo na mlango, ukuta wake hausaidii sana.

Tumefikaje hapa?

Kazi ya ushauri nasaha haikuingia kwetu kwa njia ya sheria. Ililetwa na dhiki. Wazee wenzangu mnakumbuka miaka ya ukimwi, wakati ambapo hapakuwa na dawa na jirani aliogopa hata kumshika mgonjwa mkono. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO nchini Uganda, na nguzo mojawapo ya kazi yao ilikuwa kukaa na mgonjwa na jamaa zake na kuzungumza nao. Hapo ndipo watu wengi wa vijijini walipolisikia neno mshauri kwa mara ya kwanza. Huko Kenya, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu, mahitaji ya watu wa kuwasaidia walionusurika yalikuwa makubwa kuliko idadi ya wataalamu waliokuwapo. Vita vya kaskazini mwa Uganda navyo viliacha majeraha yasiyoonekana katika kizazi kizima.

Kwa hiyo washauri wengi wa mwanzo walikuwa watu wa moyo, waliofunzwa kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wakifa. Hatuwezi kuwalaumu. Wengi wao walifanya kazi ambayo hakuna serikali ingeweza kuilipa. Lakini dhiki ilipopungua, jina lilibaki wazi. Yeyote aliweza kulichukua na kulibandika mlangoni pake, na ndivyo ilivyokuwa.

Sheria huku na sheria kule

Sasa tutazame hali ilivyo pande zetu mbili, kwa maana sisi wa Busia tunaishi katika mji mmoja wenye sheria mbili.

Upande wa Kenya, Bunge lilipitisha mwaka 2014 sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Sheria hiyo iliunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia, na inasema kwamba mtu asifanye kazi hiyo bila kusajiliwa na kuwa na leseni. Kupitisha sheria ni jambo moja na kuifikisha kijijini ni jambo jingine. Hata hivyo, leo mwananchi wa upande ule ana mahali pa kuuliza na mahali pa kulalamika.

Upande wetu wa Uganda tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni. Ni hatua kubwa, kwa sababu inamtazama mgonjwa wa akili kama mtu mwenye haki na si mzigo wa kufungiwa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili anasajiliwa na baraza la madaktari, muuguzi wa akili anasajiliwa na baraza la wauguzi, na afisa tabibu wa magonjwa ya akili anasajiliwa na baraza la wanataaluma shirikishi wa afya. Hao wote wana wa kuwauliza. Lakini mshauri nasaha na mwanasaikolojia hawana sheria yao wenyewe iliyo sawa na ile ya Kenya. Wako katika vyama vyao vya hiari, na vyama hivyo vina kanuni za maadili zinazostahili heshima. Tatizo la chama cha hiari ni hili: anayefukuzwa huondoka na kibao chake mkononi, akaendelea na kazi kesho yake.

Basi mwaone wenyewe hatari inayotukabili sisi wa mpakani. Anayenyimwa leseni upande mmoja anahitaji hatua mia chache tu kuvuka na kuanza upya. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe rasmi mwaka 2018, kupita kumekuwa rahisi zaidi, nasi tunashukuru kwa ajili ya biashara zetu. Lakini njia inayopitisha nyanya na samaki humpitisha pia mtu mwenye cheti cha wiki mbili.

Na kuna upande wa pili wa shilingi. Tunaye binti wa hapa aliyesomea saikolojia chuo kikuu miaka mingi, akafanya mazoezi hospitalini chini ya wakuu wake. Akivuka kwenda kufanya kazi ng'ambo, ataombwa usajili. Akibaki hapa, anafungua ofisi kando ya yule wa wiki mbili, na mwananchi hana njia ya kuwatofautisha isipokuwa kwa bei. Hivyo ukosefu wa utambuzi humwumiza mgonjwa, na humwumiza pia mtaalamu wa kweli.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazitaka nchi wanachama zitambue vyeti na sifa za kitaaluma za wenzao. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamekwisha kuwekeana mikataba ya kutambuana. Ng'ombe wetu, basi, amekwisha kufikiriwa. Lakini nchi mbili haziwezi kutambuana juu ya taaluma ambayo mojawapo haijaipa daftari. Jirani yetu mwingine, Rwanda, ana baraza la taaluma shirikishi za afya ambalo huwasajili pia wanasaikolojia wa kitabibu. Kwa hiyo jambo hili linawezekana katika ukanda huu huu, kwa uwezo huu huu tulio nao.

Hata nchi tajiri zimehangaika

Msidhani kwamba ni sisi tu tuliochelewa. Ujerumani ililipa jina la mtabibu wa nafsi ulinzi wa sheria kuanzia tarehe 1 Januari 1999, na mtu asiye na kibali akijiita hivyo anavunja sheria. Uingereza, ambayo wengi wetu hudhani ina sheria ya kila kitu, ilichagua njia nyingine. Huko majina machache, kama vile mwanasaikolojia wa kitabibu, yanalindwa tangu mwaka 2009. Lakini jina la mshauri au la mtabibu wa nafsi liko wazi kwa yeyote. Serikali ilifikiria kuyalinda, kisha mwaka 2011 ikaliacha wazo hilo na kuchagua madaftari ya hiari yanayokaguliwa na mamlaka ya umma.

Waliopinga sheria kali walikuwa na hoja ambayo hata sisi tunapaswa kuisikia: tukiujenga ukuta mrefu mno, tutawafungia nje watu wema wasio na shahada lakini wenye uwezo wa kusaidia. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake halipatikani mbali. Liko Rakai na Masaka.

Somo la Rakai

Mwaka 2003 jarida kubwa la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, hapa Uganda, Rakai ikiwa ni wilaya inayopakana na Tanzania. Watafiti walianza kwa kuwauliza wenyeji wanaiitaje huzuni isiyokwisha. Waliambiwa majina ya Kiganda, likiwemo okwekyawa, yaani hali ya mtu kujichukia. Kisha vikundi vya wanavijiji wenye hali hiyo vilikutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wenzao ambao hawakuwa madaktari.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kabla ya mikutano, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na ugonjwa wa huzuni kubwa. Baada yake walibaki chini ya 7. Miongoni mwa watu wa hali hiyo katika vijiji ambavyo havikupata mikutano, idadi ilishuka pia, lakini kutoka 94 hadi karibu 55 tu.

Mtu anaweza kusema: basi leseni ya nini, ikiwa mwanakijiji anaweza? Tazameni vizuri. Viongozi wale walifunzwa kazi moja mahususi, si kila kazi. Walikuwa na utaratibu ulioandikwa, na walikuwa na wataalamu wa kuwasimamia. Hakuna aliyejiita daktari, hakuna aliyemwachisha mtu dawa, na hakuna aliyetoza mbuzi wawili kwa mwezi. Tofauti kati yao na bwana wetu wa kibao si urefu wa masomo peke yake. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na wa kuwauliza: umefanya nini leo, na kwa nini?

Kwa hiyo sheria nzuri haitamkataza shangazi kumfariji bibi arusi, wala sheikh au mchungaji kumsikiliza muumini wake, wala mzee wa ukoo kusuluhisha ndoa. Hayo ni maisha yetu, na hayahitaji leseni. Sheria inamhusu yule anayejitangaza kwa umma kuwa ni mtaalamu, anayetoza ada na kudai kwamba anatibu. Na inapaswa kuwa na ngazi zaidi ya moja, ili mhudumu wa afya wa kijiji aliyefunzwa awe na nafasi yake, mradi nafasi hiyo iwe na mipaka na msimamizi.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuketi

Mpaka sheria ikamilike pande zote, ulinzi wa kwanza ni mwananchi mwenyewe. Nawapa maswali machache. Ulizeni kwa adabu, na msione haya. Mtaalamu wa kweli hataudhika.

Kwanza: umesajiliwa na nani? Kama ofisi iko upande wa Kenya, aonyeshe leseni ya bodi isiyopitwa na muda wake. Kama iko upande wa Uganda, aseme ni baraza gani au chama gani, na nambari yake ya uanachama. Kisha mpige simu au mwende mkahakikishe. Cheti cha kuhudhuria mafunzo si leseni.

Pili: ulisomea wapi, kwa muda gani, na sasa unasimamiwa na nani? Anayesema kwamba hasimamiwi na mtu yeyote amejibu swali lenu.

Tatu: utanitoza kiasi gani, kwa vikao vingapi, na tutajuaje kwamba ninapata nafuu?

Nne: siri yangu utaitunzaje, na ni wakati gani unalazimika kuitoa? Mtaalamu atakueleza kwamba siri ina mipaka, hasa mtoto anapodhulumiwa au maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Anayeahidi kuficha kila kitu hajui kazi yake.

Na kuna dalili ambazo ukiziona, inuka uondoke. Anayekuambia uache dawa za hospitali bila kuzungumza na daktari wako. Anayeahidi kuponya kila ugonjwa. Anayekukataza kuwaambia jamaa zako kwamba unakuja kwake. Anayekugusa kwa tamaa au kukutaka kimapenzi: hilo haliwi sehemu ya tiba kamwe, hata kama umekubali. Anayekukopa pesa. Anayekutisha kwa siri ulizompa. Huyo wa mwisho mleteni kwetu siku hiyo hiyo, maana kumtisha mtu ili kupata mali ni jinai kamili.

Kuhusu wale waliokata tamaa ya kuishi

Kuna jambo ambalo siwezi kuondoka bila kulisema. Baadhi ya watu wanaofikiria kujitoa uhai hukwepa hospitali kwa kuogopa kukamatwa. Hukimbilia kwa mtu wa vichochoroni, kwa sababu anawaahidi kwamba hakuna atakayejua. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kilichosema hivyo kinapingana na Katiba.

Mimi situngi sheria. Ninachowaambia ni kwamba mtu wa namna hiyo ni mgonjwa anayehitaji kuokolewa. Msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye sumu ya wadudu, kamba na visu. Mpelekeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu mara moja, mchana au usiku, na mkihitaji gari au ulinzi njiani, tuiteni. Akiwa hatarini, mahali pake ni hospitalini, si ofisi ya kibao.

Wajibu wa kila mmoja wetu

Wenyeviti wa LC1 na machifu, mtu akija kupanga chumba kijijini kwenu ili atibu nafsi za watu, mwulizeni karatasi zake kama mnavyomwuliza mwenye duka la dawa. Andikeni jina lake na ofisi yake ya awali. Na kwa kuwa mnakutana nasi katika vikao vya usalama vya mpakani, tuambizane majina, huku na kule, ili kibao kinachong'olewa upande mmoja kisishangiliwe upande wa pili.

Viongozi wa dini, mwombeeni mgonjwa, mfarijini, lakini mwambieni aendelee na dawa zake. Sala na dawa hazigombani.

Mwenye malalamiko, aweke risiti, ujumbe wa simu na tarehe za vikao. Aje kwenye dawati la familia na watoto kituoni. Tutatenganisha lililo jinai tulifungulie jalada, na lisilo jinai tutamwelekeza kwenye bodi, baraza au chama kinachohusika. Asije akiwa na kundi la watu wenye mawe. Kuchoma ofisi ya mtu ni jinai, hata kama aliyekuwamo alikuwa mwovu, na moto huunguza pia ushahidi.

Ninyi mlio na wabunge na madiwani, waulizeni: ni lini washauri na wanasaikolojia wa upande huu watapata daftari lao kwa sheria, ili waheshimiwe wanaostahili na wazuiwe wasiostahili? Hilo si ombi la wasomi wanaotafuta vyeo. Ni ombi la mama aliyeuza mbuzi wake, na la mzee aliyejeruhiwa nyumbani kwake usiku bila kujua kwa nini.

Ndugu zangu, mtu akiumwa jino, hulionyesha. Akivunjika mguu, kila mtu huuona. Lakini anayeumwa moyoni humpa msaidizi wake kitu kimoja tu, nacho ni maneno yake, na maneno yakishatoka hayarudi. Anayepokea amana kama hiyo kwa malipo ni lazima awe na wa kumwajibisha. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na sasa nitapokea maswali yenu.